Rimeki ni nini, na kwa nini "nimeshaiona" si jibu

Ubishi ulianzia kwenye kibanda umiza kimoja cha Mwanga, hapa Kigoma mjini, jioni ya mvua ambayo nusu ya watu waliingia kujikinga tu. Mwenye banda alikuwa ameweka filamu ya Kihindi iliyotafsiriwa, Ajay Devgn akiwa steringi, na sauti ya DJ ilikuwa imeshaanza kumwita "mzee wa kebo". Haikupita robo saa, kijana mmoja wa bodaboda akanyanyuka kwenye benchi la mbele. "Hii nimeshaiona mbona! Wanaua, halafu baba yao..." Akazomewa kabla hajamaliza. Jirani yangu, mzee mmoja fundi wa injini za boti kule Kibirizi, akamvuta shati. "Kaa chini, baba. Uliyoiona wewe siyo hii."

Wote wawili walikuwa na haki. Kijana alikuwa ameiona kwenye simu filamu ya mwaka 2013 iitwayo Drishyam, kwa Kimalayalam, lugha ya jimbo la Kerala kusini mwa India, steringi wake Mohanlal. Iliyokuwa ukutani jioni ile ni Drishyam ya Kihindi ya mwaka 2015. Hadithi ni moja, filamu ni mbili. Hiyo ya pili ndiyo inayoitwa rimeki.

Kwa maneno ya kawaida, rimeki ni filamu mpya iliyotengenezwa kutokana na filamu nyingine iliyokwisha kutoka. Mifupa ya hadithi inabaki, ila kila kitu kinapigwa picha upya: waigizaji wengine, kamera nyingine, mara nyingi lugha nyingine na nchi nyingine. Kiswahili bado hakijatulia kwenye jina lake. Wako wanaosema "toleo jipya", wako wanaosema "filamu iliyorudiwa", na vijana wa vibandani husema tu "wameirudia". Neno ambalo mimi ningelikwepa ni "marudio", kwa sababu runinga zimeshalichukua. Tamthilia ya Jumatano ikionyeshwa tena Jumapili mchana, hayo ndiyo marudio, na pale hakuna aliyeshika kamera mara ya pili.

Wala kutafsiriwa siyo rimeki. DJ anapoweka sauti yake juu ya filamu, akatia utani wake, akampa adui jina la mtu wa mtaani na wakati mwingine akabadilisha hata sababu ya ugomvi, picha zinabaki zilezile. Nakubali kwamba baadhi ya ma-DJ wanakaribia sana kutunga filamu nyingine kabisa. Lakini ukiizima sauti yao, filamu ya watu bado ipo pale.

Sisi wa Kigoma tuna mfano wetu wa kutenganisha mambo haya, nao ni meli. MV Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa huku na kuunganishwa upya, na mwaka 1915 ikaingia ziwani kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha isitekwe. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Miaka ya 1970 ikaondolewa injini za mvuke na kuwekewa za dizeli. Jina jingine, injini nyingine, wenye meli wengine, lakini bodi ni lilelile la Papenburg. Katika filamu, hiyo ni sawa na filamu ya zamani iliyosafishwa picha na sauti ikatolewa tena: ni ukarabati. Rimeki ingekuwa mtu achukue michoro ya Liemba, aende yadi nyingine na chuma kipya, aunde meli ya pili. Akishaiunda, hakuna atakayeuliza kama inafanana na ile ya kwanza na kuishia hapo. Watu watauliza inabeba nini, inaelea vipi, na kwa nini mlango umehamishwa upande wa pili.

Mwendelezo nao ni kitu kingine. Unachukua watu walewale na kuwasogeza mbele kwenye hadithi. Nitaugusa mwishoni, kwa sababu ulinitia majaribuni.

Sasa, filamu ya mapenzi ukiirudia, mtazamaji hapotezi kitu kikubwa. Tangu mwanzo anajua watapatana, na anachosubiri ni nyimbo. Filamu ya taharuki ina tabu yake. Neno taharuki tulilisoma kwenye fasihi sekondari: ile hali ya msomaji kutaka kujua kitakachofuata. Mwalimu alitufundisha kama kitu kimoja, lakini ndani yake kuna viwili. Kuna mshangao, pale jambo linapokupiga bila taarifa. Na kuna taharuki yenyewe, pale unapojua kitu ambacho waliomo ndani ya hadithi hawakijui. Mama ameketi juu ya gunia la dagaa anasuka nywele za binti yake. Nyoka akichomoza ghafla, utaruka mara moja na yameisha. Lakini ukiwa umemwona nyoka akiingia chini ya gunia dakika kumi kabla, kila mama anapojisogeza wewe unaumwa tumbo. Alfred Hitchcock, mwongozaji Mwingereza aliyehamia Marekani, alilieleza jambo hili kwa mfano wa bomu chini ya meza, na sijaona aliyelieleza vizuri zaidi.

Mshangao hautumiki mara mbili. Taharuki inatumika hata mara kumi. Kwa hiyo swali la kuiuliza rimeki ya filamu ya namna hii ni moja: ile ya kwanza ilisimama juu ya kipi kati ya hivyo viwili, na hii mpya imefanya nini kwa mtu ambaye mwisho ameshausikia mtaani?

Turudi kwenye Drishyam. Kuanzia hapa namwaga mtama, kwa hiyo ambaye hajaiona aamue mwenyewe.

Baba ana biashara ndogo ya kebo ya runinga. Shule aliiachia darasa la nne, elimu yake yote kaipata kwenye filamu anazotazama ofisini usiku kucha. Kijana mmoja, mtoto wa mkubwa wa polisi, amempiga binti yake picha kwa siri akioga, anakuja kumtishia. Katika purukushani binti anampiga kijana, na kijana anakufa. Mama na binti wanamzika uani. Baba anarudi asubuhi, na kuanzia hapo filamu inageuka kuwa somo la jinsi ya kutengeneza siku ambayo haikuwapo.

Tazama alivyofanya. Anaichukua familia, wanapanda basi, wanalala hoteli, wanakula mgahawani, wanaingia sinema. Kila tiketi anaitunza, kila risiti. Safari ni ya kweli kabisa, ila haikufanyika tarehe anazotaka polisi waamini. Baadaye anarudi peke yake kwa watu hao mmoja mmoja. Anasalimia, anapiga porojo, na katikati ya porojo anadondosha tarehe. "Si tulionana ile siku ya..." Kondakta anakubali. Mwenye hoteli anakubali. Polisi wanapokuja kuuliza, hakuna hata mmoja anayedanganya: kila mtu anasema anachokumbuka, na kumbukumbu hiyo kapandikiziwa. Kibanda kizima kilikuwa kimya hapo. Hata DJ alipunguza maneno.

Hebu zilinganishe sasa. Katika ile ya Kimalayalam, iliyoandikwa na kuongozwa na Jeethu Joseph, baba anaitwa Georgekutty, Mkristo wa Kerala, na kisingizio cha safari ni mafungo ya kanisani. Katika ile ya Kihindi, iliyoongozwa na Nishikant Kamat, anaitwa Vijay Salgaonkar, anaishi Goa, jimbo jingine la India, na familia inasema ilikwenda kusikiliza mawaidha ya mwalimu wa dini ya Kihindu tarehe 2 Oktoba, siku ya kuzaliwa Gandhi. Mtu anaweza kusema wamebadilisha dini na ramani tu. Mimi naona ni kazi ya ustadi. Uongo wa baba unategemea jambo la kawaida ambalo jirani yeyote angeliamini bila kuuliza, na jambo la kawaida la Kerala si lazima liwe la kawaida kwa mtazamaji wa Kihindi. Mtu akiirudia huku kwetu angelazimika kutafuta lake: arusi Kasulu, labda, au arobaini ya ndugu huko Ujiji. Akiyaacha mafungo ya Kerala kama yalivyo, uongo utanuka.

Tofauti kubwa zaidi iko kwenye uso wa steringi. Mohanlal ni nyota mkubwa, lakini humo ndani kajilegeza, kitambi kidogo, shati la nyumbani, baba ambaye ungemkuta anabishana bei ya samaki. Ajay Devgn alishaonekana mwaka 2011 kwenye Singham akiwa polisi anayepiga watu mpaka magari yanatikisika. Kwa hiyo polisi wanapompiga yeye na familia yake mahabusu, banda letu lilianza kumhimiza: "Amka! Amka uwaonyeshe!" Hakuamka. Anapigwa, ananyamaza. Kwa Mohanlal unaogopa kwamba mtu huyu mdogo atavunjika. Kwa Devgn unaogopa kwamba atashindwa kujizuia, arushe ngumi moja, na mpango wote uharibike. Maandishi ni yaleyale, hofu zimeachana. Nadhani hii ndiyo faida ya ile ya Kihindi, japo ile ya mwanzo ndiyo naipenda. Na humo kuna mwigizaji aitwaye Tabu, mama wa marehemu na mkubwa wa polisi kwa wakati mmoja. Yeye hata ukiifunga sauti ya DJ unamwelewa.

Mwisho zote mbili zinafanana. Polisi wanafukua pale uani na kukuta mzoga wa mnyama. Mwili uko chini ya sakafu ya kituo kipya cha polisi, ambacho baba alikifikia kikiwa bado kinajengwa. Kwa mtazamaji huo ni mshangao, na kijana wa bodaboda alikuwa ameshautumia. Mbona basi hakutoka? Kwa sababu mshangao ni dakika moja ya mwisho tu. Saa mbili na zaidi zilizotangulia zimejengwa kwa kile tulichokijua sote tangu mwanzo: nani kafa, nani kamuua. Alikaa mpaka taa zikawashwa, na kwenye kipande cha kituo cha polisi alicheka kabla yetu.

Hadithi hii imerudiwa pia kwa Kitamil, Kitelugu na Kikannada, kisha mwaka 2019 Wachina wakaitengeneza, wakaiweka Thailand, na mwisho wakaupindua: baba anakwenda kujisalimisha. China Bara filamu hupita kwenye ukaguzi wa serikali, na mhalifu kuondoka hivihivi ni jambo gumu kupita huko. Iliwahi kutokea hata kwa Infernal Affairs, filamu ya Hong Kong ya mwaka 2002: kwa soko la China Bara ulitengenezwa mwisho mwingine, polisi msaliti akakamatwa. Marekani walipoirudia mwaka 2006 kwa jina la The Departed, naye mwongozaji Martin Scorsese akamuua msaliti huyo kwa risasi. Katika ile ya Hong Kong yenyewe anabaki hai, amevaa sare, na adhabu yake ni kuishi hivyo. Rimeki ikikubadilishia mwisho, ujue mtu fulani, awe mkaguzi au mfanyabiashara, kakufikiria wewe mtazamaji na kuamua hutaweza kuvumilia.

Mfano mchungu ni wa Uholanzi. Mwaka 1988 George Sluizer alitoa Spoorloos. Mwanamke anapotea kwenye kituo cha mafuta Ufaransa, mpenzi wake anamtafuta miaka mitatu, mpaka mtekaji mwenyewe anajitokeza na kumwambia: kunywa kahawa hii yenye dawa ya usingizi, utajua yaliyompata. Jamaa anakunywa. Anazinduka ndani ya sanduku, amezikwa hai. Filamu imeisha. Mwaka 1993 Sluizer huyohuyo aliirudia Marekani, na safari hii jamaa anafukuliwa, anapigana, anashinda. Vibandani tuna sheria yetu kwamba steringi hafi. Ile ya kwanza iliivunja, na ndiyo maana haisahauliki. Ya pili iliitii, na sijui mtu anayeikumbuka.

Upande wa pili wapo waliokataa kubadilisha chochote. Psycho ya Hitchcock ya mwaka 1960 ilirudiwa na Gus Van Sant mwaka 1998 karibu picha kwa picha, maneno kwa maneno, muziki uleule, ila kwa rangi, na fedha anazoiba yule mwanamke zikapanda kutoka dola 40,000 hadi 400,000. Haikupata roho. Mwaka 1960 steringi wa kike aliuawa bafuni hata katikati hatujafika vizuri, na Hitchcock alitaka wenye majumba ya sinema wasiruhusu mtu kuingia filamu ikishaanza. (Angekuja Mwanga angelia, watu wanaingia na mihogo mpaka dakika ya mwisho.) Kufikia 1998 dunia nzima ilishajua habari za lile bafu. Van Sant alinakili kila kitu isipokuwa kutojua kwa watazamaji, na hicho hakinakiliki.

Ninayoipenda kuliko zote haichezwi sana huku, na ni haramu isichezwe, maana ni filamu ya malori. Mwaka 1953 Mfaransa Henri-Georges Clouzot alitoa Le Salaire de la peur: watu wanne, malori mawili, wanabeba kilipuzi cha nitrogliserini kupeleka kwenye kisima cha mafuta kinachowaka moto, barabara mbovu, tikisa kidogo tu mmekwisha. Hiyo ni taharuki tupu, bomu chini ya kiti saa nzima. Kuna kipande lori linapita kwenye dimbwi la mafuta mazito. Mmoja anatembea mbele kuongoza magurudumu, kama utingo wetu wa njia ya Kibondo kipindi cha masika. Anateleza. Dereva anajua akisimama lori halitoki tena, hivyo anaendelea na kumpita juu ya mguu. Aliyewahi kushuka kusukuma gari kwenye matope anajua maana ya kutokusimama.

William Friedkin aliirudia mwaka 1977 kwa jina la Sorcerer. Clouzot anawatambulisha watu wake wakiwa wameshakwama kwenye kijiji cha joto na ufukara, wanasubiri kazi. Friedkin anakupeleka kwanza kwenye miji minne tofauti kukuonyesha kila mmoja alifanya kosa gani hata akakimbilia huko. Kwa hiyo kwa Clouzot unaogopea maskini, na kwa Friedkin unatazama watu wenye madeni wakidaiwa na barabara. Halafu lile daraja la kamba na mbao, dhoruba, lori limelalia upande, mtu anatembea kinyumenyume mbele yake... Kwa Clouzot daraja hilo halipo. Friedkin alikuwa akisema yake siyo rimeki bali kazi mpya kutoka kitabu kilekile cha Georges Arnaud. Lakini filamu yenyewe ameitoa kwa heshima ya Clouzot, basi ubishi huo namwachia yeye.

La haki nalipita haraka. Rimeki halali hununuliwa idhini kwa mwenye filamu. Sheria ya hakimiliki, yetu ya mwaka 1999 ikiwemo, hailindi wazo tupu, inalinda namna wazo lilivyotekelezwa, na hapo ndipo wanasheria hupatia ugali wao. Ghajini ya Kihindi ya 2008 ni rimeki ya Ghajini ya Kitamil ya 2005, mwongozaji mmoja, A. R. Murugadoss. Lakini ukiwa umeiona Memento ya Marekani ya mwaka 2000, yenye mtu asiyetunza kumbukumbu anayejichora habari mwilini, utajua undugu huo ulianzia mbali zaidi.

Mvua ilipokatika tulitoka pamoja na yule mzee wa Kibirizi. Nikamsimulia habari ya Wachina, baba kwenda kujisalimisha mwenyewe. Akasimama katikati ya njia.

"Basi hiyo siyo ile," akasema. "Ile yetu yule kijana amelala chini ya sakafu ya polisi, na wanamkanyaga mpaka leo."

Sikumwambia kwamba ipo sehemu ya pili.